Rimu Nne Zilizopinda

Mbugangari, Jumanne, 12 Septemba

Kaltumu, dada yangu, amani iwe kwako na kwa wote walioko nyumbani kwako Kayanga. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unasali umekaa kwenye kiti. Nikasikitika, halafu nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka ulivyokuwa ukiruka ule mtaro wa shuleni na ndoo ya maji kichwani. Na maharage, umeshapanda? Huku bado jua. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu, ingawa nikisema wazima unajua nina maana gani.

Ulisema simu inakula maneno, nikuandikie siku kwa siku, na mvua zikiisha nikutumie daftari zima kwa mtu wa basi. Basi daftari ni hili. Mwandiko wangu unaujua, uvumilie.

Hitimana wangu yuko vilevile. Yule dereva aliyekuwa akipiga honi mara tatu mbele ya kwenu akitoka Dar, sasa anakaa kwenye kiti cha mbao uani, uso umeelekea ukuta wa jikoni. Kiharusi cha mwezi wa sita kimeacha mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vizito. Daktari alisema kuendesha lori basi, lakini kutembea lazima, kila siku, la sivyo mguu utakauka. Hatembei. Hataki watu wamwone na fimbo. Kanisani hajafika tangu Juni. Mimi namwogesha, namfunga vifungo, natia katani yangu rangi kwa ajili ya wasuka vikapu, namwomba Mungu.

Alhamisi, 14 Septemba

Amekuja kijana mmoja, si kijana sana, ana miaka kama thelathini na mitano, anaitwa Bruce. Amekulia Mbarara, anatengeneza simu hapa barabara ya juu. Amekuja na mfuko wa vitu vyeupe vya plastiki, vidogo kama mifupa ya kuku.

"Mama, nimesikia wewe ndiye fundi wa rangi."

"Rangi ya katani, mwanangu. Hivi ni nini?"

Akasema ni vipande vya magari ya rimoti. Kaltumu, watu wazima, wenye wake! Wako saba: yeye, afisa wa forodha, daktari wa meno, wanajeshi wawili, na wengine. Kila Jumapili wanakimbiza magari ya urefu wa mkono kwenye uwanja wa changarawe nyeusi nyuma ya bohari la matofali. Shida yao ni kwamba magari yote ni meupe. Vumbi likitimka hakuna anayelijua lake, wanagombana kama wachunga mbuzi. Wakipaka rangi ya brashi inabanduka, kwa sababu vile vipande vinajikunja gari likiruka. Wanataka rangi iingie ndani.

Nilikuwa nataka kumwambia aende zake. Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye kiti.

"Huo ni mkono wa suspenshen. Na hiyo ni bampa ya mbele. Umeishika kichwa chini."

Hitimana. Alikuwa amegeuza shingo. Nimeichukua kazi.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimeharibu.

Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilichemsha maji jikoni, nikatia rangi nyekundu na siki, nikaweka rimu nne za kwanza, vile vigurudumu vinavyovalishwa tairi, nikazikandamiza chini kwa lile jiwe langu la volkano ili zisielee, nikafunika, nikaacha saa nzima maji yakitokota. Katani inapenda hivyo. Nilipofungua, rangi ilikuwa imeingia vizuri ajabu, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Lakini rimu zote nne zimepinda. Moja imekaa kama sahani iliyokaliwa na mtu.

Nimezificha kwenye kopo la biskuti, nyuma ya unga. Sabato inaingia jioni hii na mimi nina kitu nyuma ya unga.

Jumamosi, 16 Septemba

Sabato. Sikuimba vizuri.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimemwambia Bruce. Nilifungua kopo mbele yake. Akaishika moja, akaizungusha kwenye kidole, ikayumba.

"Hizi zilitoka mbali, nyabo. Kuagiza nyingine kupitia Kampala ni wiki tano, sita."

"Nisamehe, mwanangu. Chukua vilivyobaki, mtafute mwingine."

"Mwingine nani? Rangi yenyewe lakini, eh! Angalia ilivyoingia!"

Hitimana akacheka puani. "Umeziwekea jiwe, mama Isimbi? Plastiki ya aina hii si katani. Ni kama rejeta: moto inautaka, kuchemka haitaki. Na usiikandamize. Iache iogelee."

"Nitaupimaje moto usichemke? Jiko la mkaa halina masikio."

Akafikiri, halafu akasema neno moja: "Mashyuza."

Zile chemchemi za moto za kule Nyamyumba, pembeni ya ziwa, ambako watu wanapeleka viungo vyao vinavyouma na watoto wanachemsha mayai. Moto wake haupandi, haushuki. Bruce akapiga kofi pajani. Akasema ana gari, atatupeleka, "na mzee aje apime, mimi sijui rejeta."

Nilijua Hitimana atakataa. Akaomba viatu.

Alhamisi, 21 Septemba

Tumekwenda. Kuna mama mmoja pale, Nyirasafari, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na siku zisizo na samaki anakanda wagonjwa kwa yale maji. Alimwona Hitimana amesimama mbali na fimbo yake, akapaza sauti watu wote wakasikia.

"We muzee, unaogopa maji? Kuya! Mi nimekanda hapa mupaka mukubwa wa jeshi, akalia kama mutoto."

"Mimi sikuja kukandwa. Nimekuja kwa kazi."

"Kazi gani na ule muguu? Bon, fanya kazi yako, muguu uniachie mi."

Na akauchukua kweli. Hitimana ameketi juu ya jiwe, mguu uko mikononi mwa Nyirasafari, mkono wake mzima unapima maji, ananiambia: sasa, weka. Sijamwona hivyo tangu Juni.

Lakini rangi haikushika. Dakika arobaini na bado vipande vimepauka kama ufizi wa mgonjwa. Nyirasafari akachungulia.

"Maji ya hapa iko na chumvi ya mulima. Hata sabuni haitoke povu. We unataka rangi ishike? Tafuta maji ya mvua, weka mu sufuria, sufuria weka mu mashyuza. Ikae kama mutoto mu mugongo."

Miaka ishirini na saba natia rangi, na muuza sambaza ananifundisha. Nimepokea. Ila mvua yenyewe iko wapi?

Jumatatu, 25 Septemba

Jua. Hitimana ameuliza mara mbili kama mapipa yako wazi chini ya bati.

Jumatano, 27 Septemba

Jua. Amegeuza kiti. Hakutazama ukuta tena, alitazama mlango na kipande cha anga juu yake.

Ijumaa, 29 Septemba

Mvua! Ya kwanza tumeiacha ipite, maana bati lilikuwa na vumbi la volkano na maji yalishuka kama chai ya rangi. Ya alasiri ndiyo tumekinga. Nimeshukuru Mungu kwa sauti, Hitimana akaitikia amina. Neno dogo, Kaltumu, lakini nimelihesabu.

Jumanne, 3 Oktoba

Tumeweza. Kwanza nimevisugua vipande kwa sabuni vitoke mafuta. Halafu sufuria yenye maji ya mvua, rangi na siki, imekaa ndani ya chemchemi, bila jiwe wala kufunika, nikigeuza kwa kijiti kila mara. Saa moja na nusu. Kisha nikavitumbukiza kwenye maji baridi ya ziwa. Bluu ya sare za shule! Kijani! Na njano ya daktari wa meno, ambayo yeye mwenyewe aliiomba na kila mtu akamcheka. Hakuna kilichopinda. Vile vya bluu nilichovya mara mbili kwa sababu Hitimana alisema bado ni bluu ya maji, anataka bluu ya usiku.

Nyirasafari alitembea naye kwenda na kurudi ukingoni, hatua thelathini, akimtukana njia nzima.

Jumapili, 8 Oktoba

Bruce amekuja kumchukua akatazame mashindano. Amerudi na matope hadi magotini na njaa. Alizungumza wakati wote wa kula.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua. Anatengeneza springi za mtu mezani pangu. Kisu cha mboga hakionekani.

Jumanne, 17 Oktoba

Mvua. Kisu kimeonekana, kimevunjika ncha.

Jumapili, 22 Oktoba

Leo walimpa rimoti aendeshe. Nilikuwepo, nilipeleka chai.

Rimoti yao si kama ya televisheni. Ina umbo la bastola. Unaishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada kinavuta gari liende, na mkono wa kulia unazungusha kigurudumu. Mkono wa kushoto, Kaltumu. Alikwenda vizuri mzunguko mmoja. Alikuwa anatabasamu. Mzunguko wa pili ule mkono ukaanza kushuka, ukashuka, kidole kikajibana, gari likaenda moja kwa moja ukutani mwa bohari. Bampa ikaruka.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Wale wanajeshi walitazama viatu vyao. Hitimana akamrudishia Bruce rimoti kwa mkono mzima, akasema, "Ahsante, wanangu," akaomba kurudi nyumbani.

Kiti kimerudi kuelekea ukuta.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Bruce alisimama langoni, hakuingia, matope mengi. Alisema, "Mama, mwambie mzee aje Jumapili. Tumemuungia gari lake mwenyewe kutokana na masalio yetu. Lina kila kitu ila rimu. Na mkono wake, tutatafuta njia."

Nikasema nitamwambia.

Jumapili, 29 Oktoba

Leo sisi wa Sabato ndio tumefanya umuganda wetu, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi; wenzetu walifanya jana. Tulizibua mifereji. Kwa hiyo hata hivyo kusingekuwa na nafasi ya mashindano.

Jumapili, 5 Novemba

Bruce amenipigia simu. Nimesema mzee amechoka. Mvua kubwa, mfereji wa jirani umefurika.

Alhamisi, 9 Novemba

Kaltumu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mchungaji.

Leo nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Akasema, taratibu tu, kama mtu anayeulizia saa, "Watu wa magari wamenisahau upesi." Na mimi nikaendelea kufunga kifungo. Nikafunga cha pili. Nikasema, "Ndivyo vijana walivyo."

Sikumwambia ujumbe wa Bruce. Si wa kwanza wala wa pili. Umuganda ulikwisha saa tano asubuhi, mashindano yao ni saa tisa. Unaona nilivyokuandikia hapo juu kana kwamba wewe huwezi kuhesabu saa.

Nimejiuliza sababu. Mwanzo nilijiambia namlinda asiaibike tena. Neno zuri, namlinda. Nimelitumia hata katika maombi. Lakini leo nikiwa nimekaa na sufuria yangu nimeona kitu kingine chini yake, na kinanitisha. Miaka ishirini na sita nilikuwa na mume wa usiku mbili kwa mwezi. Isimbi alizaliwa yeye akiwa Dodoma. Baba yangu alizikwa yeye akiwa mpakani, karatasi zimekwama. Nilikuwa nafungua lango, nafunga lango. Halafu Juni akarudi na hakuondoka tena. Nililia, watu wakanifariji, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini asubuhi ninapoamka na kukuta yupo, na ninajua kesho yupo, kuna sehemu ndani yangu inayoshiba. Naogopa kuiandika. Mungu ameshaisoma.

Nilimwona alivyorudi na matope Oktoba ile, mwenye njaa, mwenye maneno. Alikuwa na sura ya mtu anayetoka safari. Nadhani hapo ndipo nilipoanza.

Nilidhani wale ni watu wazima wanaochezea vitoto vya magari. Kumbe wao walikuwa wanamwita atoke, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwekea jiwe juu yake ili asielee.

Jumamosi, 11 Novemba

Sabato. Kwaya wamemwombea Hitimana, mkono wa Munyakazi, mzee wa kanisa, juu ya kichwa changu mimi, kwa niaba yake. Nilitamani sakafu ifunguke.

Jumapili, 12 Novemba

Nimemwambia. Nilimwambia baada ya chai, nimesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu. Ujumbe wa kwanza, wa pili, na ile sababu ya chini pia. Niliona nikiificha hiyo nitakuwa sijatubu kitu.

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani hakusikia.

"Nimesikia," akasema. "Niache kidogo."

Jumatatu, 13 Novemba

Alijifunga vifungo mwenyewe, kwa mkono mmoja. Vilimchukua muda wa sufuria ya ugali kuiva. Sikuthubutu kusogea.

Jumanne, 14 Novemba

Hakusema kitu.

Jumatano, 15 Novemba

"Vile ulivyovipinda viko wapi?"

Nilikuwa napepeta mchele. "Nini?"

"Rimu za Bruce. Umesema gari lina kila kitu ila rimu."

Nikaleta kopo la biskuti. Akazipanga mezani zote nne, nyekundu vile, akazizungusha moja baada ya nyingine.

"Hizi haziendi sawa, Hitimana. Gari litachechemea."

"Na mwenyewe je?" Akanitazama, na pembe ya mdomo ikapanda, ile ya kulia. "Mimi nilikuwa sijui kama unanitaka nyumbani, mama Isimbi. Ulikuwa unafunga lango haraka mno. Nilikuwa nakuona kwenye kioo cha pembeni."

"Nilikuwa nafunga ili usinione nalia."

"Basi ungechelewa kidogo."

Nimeandika kama alivyosema. Halafu akasema, "Mwite Bruce. Na unisukie mkanda."

Ijumaa, 17 Novemba

Mkanda wa katani, wa kuvaa shingoni, unashika rimoti kifuani. Kidole kinaweza, Kaltumu, mkono ndio uliokuwa unachoka kuibeba. Jambo dogo hivyo. Nimeusuka kwa nyekundu ileile. Bruce amegundisha tairi kwenye zile rimu, zimekubali kwa shida. Gari likishuka barazani linakwenda likitikisa nyonga kama shangazi wa harusi. Tumecheka mpaka jirani akachungulia.

Jumapili, 19 Novemba

Ameshindana. Amekuwa wa mwisho, kwa mbali. Daktari wa meno akamwambia, "Mzee, gari lako lina kiharusi." Watu wakashtuka. Hitimana akajibu, "Ndiyo, na bado linakupigia honi upishe." Wakacheka wote, na mimi.

Jumatano, 22 Novemba

Nimegundua jambo. Rimoti ile haifiki mbali. Gari likishapita hatua hamsini hivi linasimama, halisikii. Kwa hiyo lazima alifuate. Leo limetoka langoni, likaenda hadi kwa muuza mkaa, na yeye nyuma yake, fimbo ameisahau ukutani. Mimi nilibaki langoni. Sikulifunga.

Jumamosi, 25 Novemba

Sabato, na nakuandikia jua limeshazama, imekwisha.

Asubuhi nilikuwa nimevaa, Biblia mkononi. Nikamkuta uani amevaa suti ya harusi ya Isimbi, mkanda shingoni, gari miguuni.

"Hitimana! Siku ya Bwana? Mchezo?"

"Si mchezo. Ni fimbo yangu. Wengine wana za mbao."

Nilisimama pale. Unajua nilivyolelewa, unajua Sabato kwangu ni nini. Nikafikiri juu ya kopo nyuma ya unga, juu ya ujumbe niliouficha huku nikiimba, na sasa niko tayari kumzuia mtu na gari la plastiki. Nikafungua lango lote.

Kutoka kwetu hadi kanisani ni dakika kumi. Tumekwenda dakika arobaini na tano. Gari mbele likitikisa nyonga, yeye nyuma, mimi nyuma yake na mwavuli. Aliketi mara tatu. Akina mama wa sambaza walisimamisha beseni zao kutazama. Nyirasafari alikuwa miongoni mwao, amepanda mjini kuuza.

"Muzee! Ule muguu ni wangu, unautembeza bila kuniomba ruhusa?"

Mlangoni mzee Munyakazi alitazama chini, akatazama juu. "Ndugu Hitimana. Na hii nayo imekuja kusali?"

"Imenileta tu. Itangoja nje."

Akaliegesha barazani, katikati ya miavuli inayochuruzika. Kisha akaingia na kuketi upande wa wanaume, ambako nafasi yake haikuwa imekaliwa. Sikusikia hubiri, nikuambie ukweli. Kila mlango ulipofunguliwa niliona zile rimu nyekundu.

Wakati wa kurudi mvua ilianza. Nikamfunika mwavuli, akasema hapana, funika rimoti. Basi tukatembea hivyo, mwavuli juu ya kifua chake, sisi wawili tunalowa.

Ijumaa, 1 Desemba

Mvua zinapungua, mtu wa basi anaondoka kesho kutwa, na daftari nalo limebaki kurasa mbili. Ndani yake nimekuwekea kipande cha ule mkanda, masalio, ukifunge kwenye kiti chako cha kusalia. Rangi yake haichuji, nimekifua mara tatu.

Hitimana anakusalimu. Anasema akipata mtu wa kumchukua mpaka Karagwe atakuja kupiga honi, ingawa gari lake hili jipya halina. Mimi nimemwambia aende. Nilipolisema nilisikia uchungu kidogo, na nikalisema tena.

Niambie goti linaendeleaje, na kama maharage yameota. Na niambie pia umenionaje katika ukurasa wa tarehe tisa, usinifiche. Tafadhali nijibu upesi, Kaltumu. Mtu wa basi anarudi Alhamisi.

Dada yako,
Mukasine